Samaki wa Pwani na Viazi vya Mlimani

Hotuba ya Katibu wa Chama katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10



Nimeamriwa na Halmashauri nizungumze juu ya chakula tutakachokula adhuhuri ya leo, nacho ni samaki mweupe wa bahari, aliyetiwa viungo na kuokwa pamoja na viazi na mboga. Huenda wengine watauliza, katibu na mapishi wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba sahani hiyo ina hesabu ndani yake, nayo yahusu shauri la 4 katika ajenda yetu.

Tazameni kwanza vitu vyenyewe vinatoka wapi. Viazi mviringo, karoti, vitunguu na pilipili hoho ni mali ya mashamba yetu ya Lushoto. Iliki, pilipili manga na mdalasini hutoka kwa ndugu zetu wa Amani na milima ya Muheza. Samaki, akiwa chewa au changu, huvuliwa Tanga. Yote haya yamo katika mkoa mmoja. Walakini ni nyumba ngapi za huku juu ambazo watoto wake wamepata kuyala pamoja? Twalima karoti iendayo Dar es Salaam, nasi jioni twala ugali kwa mchicha mtupu. Kuuza ni vema, lakini haifai mkulima awe mgeni wa mazao yake mwenyewe.

Sasa nitaeleza upishi, kama nilivyoelezwa na akina mama wa kamati ya mapokezi.

Kwa watu 6, twaa samaki wa kilo moja na nusu. Mtazame kabla ya kulipa: macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na mnofu ukiubonyeza urudi mahali pake. Samaki aliyeuawa kwa baruti mifupa yake huvunjika ndani, damu huvilia, na mnofu hulegea upesi. Uvuvi huo umekatazwa na sheria, nao kwa miaka mingi uliharibu matumbawe ya pwani ya Tanga, ambayo ndiyo makao ya samaki. Anunuaye samaki wa namna hiyo amemlipa mharibifu.

Mkate vipande vinene. Twanga punje 6 za kitunguu saumu na tangawizi ya kadiri ya kidole gumba. Ongeza kijiko cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, kijiko cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha bizari ya manjano, mbegu za iliki 4, chumvi, na mafuta vijiko 2 vikubwa. Mpake samaki, umwache nusu saa. Maji ya ndimu yatiwe mwishoni, kwa kuwa ndimu ikikaa mno hukaza mnofu.

Viazi kilo moja na nusu vikatwe, vichemshwe kwa maji ya chumvi dakika 8, kisha vimwagwe maji na kupakwa mafuta. Kiazi kilichogeuka rangi ya kijani kisipikwe. Kina sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo sababu twawaambieni kila msimu kwamba viazi viwekwe gizani, visianikwe juani kando ya barabara vikimngoja mnunuzi.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Twaa sufuria pana na nzito, uiweke juu ya makaa machache, uifunike kwa bati, na makaa mengi uyapalie juu. Viazi na karoti hutangulia kwa dakika 25. Kisha vifuate vitunguu, biringanya na pilipili hoho kwa dakika 15. Samaki huwekwa mwisho, juu ya mboga, kwa dakika 12 hadi 15. Mnofu ukiisha kuwa mweupe wote na kuachana na mfupa, ameiva. Mwepue mara moja, usimkaushe.

Bwana Mwenyekiti, nimetaja iliki na pilipili manga. Iliki ikivunwa changa huwa nyepesi na harufu yake haba. Najua wengi huvuna mapema kwa kuwaogopa wezi. Dawa yake ni ulinzi wa zamu baina ya majirani, wala si kuuza mali changa kwa bei ya aibu. Vilevile, anayekubali kufungiwa viazi vyake kwa lumbesa huuza zaidi ya gunia kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza jambo hilo, na mizani ya Chama ipo. Yafaa nini kuwa na mizani, ikiwa mwanachama apita mlangoni akaenda kupimiwa kwa macho?

Sasa nafika kwenye shauri la 4. Lori letu huteremka Tanga limejaa mboga, na hupanda tupu. Mafuta na mshahara wa dereva twalipa njia zote mbili. Halmashauri yaomba kibali chenu ili lori, lirudipo, lichukue samaki wa wavuvi katika masanduku yenye barafu, wauzwe kwa wanachama kwa bei ya haki.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba samaki wataoza. Hilo ni kweli, barafu ikifanyiwa ubahili. Kwa joto la pwani, kilo moja ya samaki yataka kilo moja ya barafu, na lori lisilale Mombo. Pingamizi ya pili ni kwamba samaki wa bahari ni chakula cha matajiri. Nami nasema, huwa ghali kwa sababu hupita mikono mingi kabla ya kupanda mlima. Tukiipunguza mikono hiyo, bei nayo itashuka. Tujaribu kwa miezi 3, hesabu isomwe hadharani, na ikionyesha hasara tuache.

Wazee waliomo humu wakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika nchini vilipovunjwa, hata sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Katika miaka ile mkulima alijifunza tofauti ya kuwa na chombo chake na kutokuwa nacho. Chombo kisichotumiwa huoza kama mashua iliyoachwa mchangani.

Basi, ndugu zangu, mkaribie chakula. Kuleni, mwonje, mwulize bei ya kila kitu mlichokula, kwani akina mama wa kamati wameiandika ubaoni. Kisha turudi ukumbini tupige kura.

Ushirika udumu.