Ajali Hii Ilikuwa na Kinga
Mazungumzo juu ya matumizi ya mashine za umeme katika useremala



Nimeombwa nizungumze juu ya mashine za umeme za kupasulia mbao na mazoea mabaya yanayoambatana nazo. Nimekuwa seremala kwa miaka 22, na mkono wangu wa kushoto, kama mlioketi mbele mnavyouona, una vidole vitatu.

Mashine iliyonikata haikuwa mbovu. Ulikuwa msumeno wa meza, mpya, wenye kinga yake ya kufunika meno. Muuzaji mwenyewe alinishauri niiondoe, akidai kuwa inachelewesha kazi. Nikaitia mfukoni, nikautundika mfuko ukutani. Kwa miaka minne nilipasua mbao bila kinga na hakuna lililonipata, na kila siku iliyopita salama niliihesabu kuwa ushahidi wa ustadi wangu. Jioni moja mteja alikuwa akisubiri kitanda chake mlangoni, na ulibaki ubao mmoja mfupi wa mninga. Ubao ulirushwa, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukavutwa kwenye meno.

Wazee husema ajali haina kinga. Ajali yangu ilikuwa na kinga. Mimi ndiye niliyeitundika ukutani.

Ni vyema tuelewe ubao hurushwaje. Meno ya mbele ya msumeno wa meza hushuka na kuukandamiza ubao mezani, bali meno ya nyuma hupanda. Ubao ukipinda au mpasuo ukijifunga, meno hayo ya nyuma huukamata, huunyanyua na kuutupa kwa nguvu kuelekea kwa fundi. Ndiyo sababu watengenezaji huweka bamba jembamba la chuma nyuma ya msumeno, ili kuuzuia mpasuo usijifunge. Wengi wetu huling'oa pamoja na kinga. Msiling'oe. Tena, msisimame sambamba na msumeno, simameni upande. Ubao mfupi au mwembamba usukumwe kwa kijiti, kamwe si kwa kidole.

Zoea la pili ni la grainda. Mashine hii ilikusudiwa kukata na kusaga vyuma na mawe, lakini mitaani tunaifunga diski ya msumeno yenye meno na kukatia mbao. Grainda ndogo ya milimita 115 huweza kuzunguka hata mara 11,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo ukingo wa diski hupita karibu mita 66 kila sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Meno yakikwama mbaoni, grainda huruka mkononi, na kilicho karibu nayo ni uso, shingo na paja. Pia diski nyingi za mbao hazikutengenezwa kuhimili kasi hiyo. Kila diski huandikwa kasi yake ya juu kabisa. Ikiwa ni ndogo kuliko kasi iliyoandikwa kwenye mashine, diski hiyo isifungwe. Kwa mbao, tumieni msumeno uliotengenezwa kwa mbao, na ubao ubanwe kwa jiriwa badala ya kushikwa na mtoto.

Zoea la tatu ni la umeme. Mara ngapi tumeona nyaya tupu zimechomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti? Umeme wetu ni wa volti 230, na fundi mwenye jasho, aliyesimama pekupeku juu ya sakafu yenye unyevu, ni njia nyepesi ya umeme kufika ardhini. Wekeni plagi kamili. Kabla ya kubadili diski au kuondoa kipande kilichokwama, chomoeni plagi. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Mavazi nayo yana hila. Mtu hudhani glavu zitamlinda, kumbe mbele ya msumeno unaozunguka glavu hunaswa na kuuvuta mkono mzima. Mikono mirefu isiyofungwa, kanga na mikufu hufanya vivyo hivyo. Vaeni miwani ya kazi na viziba masikio. Vumbi la mbao pia si la kudharauliwa: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa si mapambo.

Sasa nawageukia nyinyi mnaonunua. Mkifika dukani, ombeni mashine iwashwe mbele yenu. Tazameni kama kinga ipo na inarudi yenyewe mahali pake, kama swichi inazima mara moja, na kama volti zilizoandikwa zinalingana na umeme wa nyumbani kwenu, hasa kwa mashine zilizotumika ng'ambo. Tafuteni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Daini maelekezo ya matumizi na risiti; bila risiti, malalamiko yenu hayana mguu wa kusimamia. Na muuzaji akianza kufungua kinga ili “kuwarahisishia”, mzuieni.

Nanyi mnaoagiza samani, mna sehemu yenu. Yule mteja wa jioni ile hakuwa na kosa la kisheria, wala simlaumu. Alitaka kitanda alichokilipia. Lakini anayesimama mlangoni na kumhimiza fundi huweka uzito kwenye mizani asiyoiona. Mpeni fundi siku zake. Mkimkuta anafanya kazi bila kinga, mwulizeni kwa heshima iko wapi. Mimi hakuna aliyeniuliza kwa miaka minne.

Mazoea yana taabu, nayo huja kimya kimya. Leo kinga ya msumeno wangu imefungwa mahali pake, na vijana ninaowafundisha huikagua kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine. Mkirudi nyumbani, tazameni kwenye kabati, uvunguni na ukutani. Ikiwa kinga yenu imelala huko, ifungeni kabla ya ubao unaofuata.