Fedha Zinazoishia Langoni: Mgao wa Rasilimali na Masomo ya Mtoto wa Kibera na Kawangware



Nimeombwa nizungumzie jinsi shule zetu zinavyogawa fedha na vifaa ili watoto wafaulu. Nitazungumza kama mtu aliyeongoza shule ndogo ya mabati huko Gatina kwa miaka kumi na miwili, na ambaye kila mwisho wa mwezi alikaa na daftari la karo akijiuliza amlipe nani kwanza, mwenye nyumba au mwalimu.

Mwaka 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo katika shule za msingi, kila mtoto wa shule ya umma alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Fedha hizo ziliingia katika akaunti mbili. Ya kwanza walimu waliizoea kwa jina la Simba: shilingi 650 za vitabu, madaftari, chaki na kalamu. Ya pili ilikuwa ya matumizi ya jumla, shilingi 370, na humo ndimo mlimotoka maji, umeme, ukarabati na mshahara wa bawabu. Baadaye kiwango kilipanda hadi shilingi 1,420. Ukizigawa kwa majuma yote ya mwaka, unapata shilingi 27 kwa juma. Nauli ya matatu kutoka kituo cha 46, Kawangware, hadi mjini inazipita. Kamati ya Profesa Raphael Munavu iliyochunguza mageuzi ya elimu ilipendekeza mwaka 2023 kiwango hicho kifike 2,238, na pia kila shule ipewe kiasi cha msingi cha kuiwezesha kuendesha kazi hata kama ina watoto wachache. Mapendekezo hayo ni mazuri. Lakini kwa wengi wetu humu ndani, mjadala wa 1,420 au 2,238 ni mjadala wa jirani. Watoto wetu hawamo.

Mnajua kwa nini. Shule za umma kama Olympic, Ayany na Kibera zilijengwa kingoni mwa Kibera, si katikati yake. Karo ilipofutwa zilifurika hadi madarasa yakakosa pa kuweka mguu. Mwaka huohuo wa 2003, mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walitembea vichochoroni wakihesabu shule za watu binafsi, za makanisa na za vikundi vya kijamii ndani ya Kibera. Walipata 76, zenye watoto zaidi ya 12,000. Kuna mengi ya Tooley nisiyokubaliana nayo, hasa imani yake kwamba soko litatutosha. Lakini alihesabu watoto ambao serikali haikuwa imewahesabu, na kwa hilo tumpe haki yake.

Leo shule hizo zinaitwa APBET, yaani zinazotoa elimu ya msingi kwa njia mbadala. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watoto walio katika shule za aina hii ni wengi kuliko walio katika shule za umma. Zamani baadhi ya shule hizo ziliwahi kupata fedha za vitabu kutoka serikalini. Kisha mwishoni mwa 2009 ikafichuka kwamba fedha za elimu bila malipo zilikuwa zimeporwa wizarani, Uingereza na Marekani zikasimamisha misaada yao, na shule ndogo ndizo zilizokuwa na sauti ndogo zaidi ya kulalamika.

Kawangware, Gatina na Kabiro ni wadi za eneobunge la Dagoretti Kaskazini. Kilimani na Kileleshwa nazo zimo humohumo. Mama anayetoka Gatina saa kumi na mbili asubuhi akaenda kufua nguo Kileleshwa analipa kodi katika kipande cha sabuni na katika salio la simu, sawa na yule anayemfulia. Jioni akirudi, anatoa tena karo mfukoni kwa sababu mtoto wake anasoma shule ambayo ile kodi haifiki. Analipia elimu mara mbili. Mimi sioni namna ya kulieleza jambo hili ikapendeza.

Hata mtoto anayepata nafasi katika shule ya umma hajafika bado. Mgao unafuata watoto waliosajiliwa katika mfumo wa wizara, na usajili umedai cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga huko Lindi, ndani ya Kibera, au ambaye mama yake alihama kutoka kijiji kimoja hadi kingine akapoteza karatasi zote katika moto, anakaa darasani, anakula chaki ya mwenzake, anatumia dawati la mwenzake, na mwalimu mkuu hapati hata senti kwa ajili yake.

Sasa niingie ndani ya lango, maana hapo lawama si ya serikali peke yake.

Mwaka wangu wa tatu nikiwa mwalimu mkuu, nilichukua karatasi nikaandika kila darasa, idadi ya watoto, mwalimu wake na mshahara wa mwalimu huyo. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 61 na mwalimu mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, ambaye ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote. Darasa la nane lilikuwa na watoto 19. Lilikuwa na walimu watatu waliosomea ualimu, vitabu vya kila somo, karatasi za mtihani wa majaribio za kununua kila juma, na taa ya sola ya masomo ya asubuhi na mapema. Nilipogawanya fedha kwa vichwa, mtoto mmoja wa darasa la nane alikuwa akipata zaidi ya mara tisa ya mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikuwa nimeupanga mgao huo mwenyewe, kwa mkono wangu. Na nilikuwa na sababu: alama za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ndizo zilizoleta wazazi. Hata baada ya wizara kuacha kutangaza shule bora mwaka 2014, tuliendelea kuandika wastani wetu kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa barabarani. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini tabia haijaondoka. Naona sasa Gredi ya Sita ndiyo inayopata walimu waliosomea kazi.

Mpango wa Uwezo ulianza kupima watoto nyumbani mwaka 2009, na ripoti zake zilirudia jambo moja: kati ya watoto kumi wa darasa la tatu nchini, takribani watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Wale wengine wanapanda darasa hivyohivyo. Tunawasubiri kule juu na walimu wetu wazuri, na wakifika hawawezi kusoma swali. Fedha tulizozirundika huko juu zinatumika kurekebisha kilichoharibika chini, kwa gharama kubwa, na kwa wale wachache waliobaki shuleni.

Basi nikamhamisha mwalimu bora niliyekuwa naye, mama wa makamo aliyesomea kazi yake katika chuo cha ualimu cha Thogoto, nikampeleka darasa la kwanza bila kumpunguzia mshahara. Kamati ya wazazi ilinikalia kikao mara mbili. Baba mmoja aliniuliza nimemwadhibu mwalimu huyo kwa kosa gani. Wazazi wanne walihamisha watoto wao wa darasa la nane. Kwa shule ya ukubwa wetu, karo ya watoto wanne ni kodi ya nyumba ya darasa moja, kwa hiyo sitawaambia kwamba halikuniuma.

Kuna watakaosema tununue vitabu na mambo yatanyooka. Mwaka 1996 shule 25 za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti wakalinganisha matokeo yake na ya shule ambazo hazikupewa. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika walikuwa wale waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko, na vilikuwa vigumu kwao. Kumbe kitabu asichoweza kukisoma mtoto ni mzigo tu mkobani.

Linganisheni na Tusome, programu ya kufundisha kusoma iliyoanza nchini kote mwaka 2015. Hiyo nayo iligawa vitabu, kila mtoto chake, vya Kiswahili na vya Kiingereza. Lakini kitabu kilikuwa cha kiwango cha mtoto, mwalimu alipewa mwongozo wa somo la kila siku, na kulikuwa na mtu wa kuja kukaa nyuma ya darasa, kusikiliza watoto watatu wakisoma, kisha kuzungumza na mwalimu. Tena, na hili walimu wa APBET mnalikumbuka vizuri, shule zetu takriban 1,500 za mitaa ya mabanda zilihesabiwa tangu mwanzo. Mwalimu wangu yule wa Thogoto alikuwa akimngoja mkufunzi kama mtu anavyomngoja mgeni wa heshima. Watoto walisoma. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kuona rasilimali ya umma ikivuka lango la mabati bila kuuliza lango ni la nani.

Mpango wa chakula wa Dishi na County, ulioanza jijini mwaka 2023, umefanya jambo kubwa pia. Mzazi anatoa shilingi 5, mtoto anapitisha bangili yake kwenye kifaa, anapata sahani ya moto. Lakini uliwekwa kwa ajili ya shule za msingi za umma na chekechea za kaunti. Kuna mahali ukuta mmoja tu unatenganisha shule ya umma na shule ya APBET, na saa sita na nusu harufu ya ndengu haijui ukuta. Ombi langu kwa kaunti ni kwamba bangili ifuate mkono wa mtoto, si jina la shule.

Kuhusu majengo, najua yanatuumiza sote. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa liliporomoka katika shule ya Precious Talent, Ng'ando, si mbali na hapa, na watoto wanane wakafa. Sote tulikwenda nyumbani siku ile tukitazama nguzo za madarasa yetu. Mwaka mmoja kabla, Julai 2018, matingatinga yalibomoa nyumba na shule kadhaa Kibera ili barabara ya kuunganisha Lang'ata na Ngong ipite. Mwalimu mkuu anabanwa katikati: akijenga hafifu anahatarisha watoto, akijenga imara anajenga juu ya ardhi isiyo yake. Ushauri wangu ni kuweka kwanza katika usalama kile kisichoepukika, yaani nguzo, paa, njia ya kutokea na choo, na kinachobaki kiende kwenye vitu vinavyohamishika siku tingatinga likija: vitabu, madawati, na mafunzo ya walimu. Ghorofa ya pili ya mabati kwa ajili ya kuongeza karo, hapana. Kwa hilo sibadili msimamo.

Nimalizie na Uganda. Kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha za matumizi ya shule ndizo zilizofika shuleni. Nyingine zilipotea njiani, wilayani. Serikali ilipoanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa, na kutaka kibandikwe shuleni ambapo mzazi anakiona, hali iligeuka, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika.

Nilipolijua jambo hilo nilibandika hesabu zetu mlangoni pa ofisi, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa: karo iliyoingia mwezi huu, kodi, mishahara, unga, maharagwe, chaki, deni. Nilihofia wazazi wangegomea karo. Wengine walisimama pale kwa muda mrefu wakisoma kwa kidole. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni alinifuata akaniambia tunanunua maharagwe kwa bei ya kuibiwa, na kuanzia juma lile akawa anatununulia yeye kwa gunia. Tulichookoa kilitosha kumlipa msaidizi wa darasa la kwanza, asubuhi tu.

Karatasi mliyopewa mlipoingia ina safu tano: darasa, idadi ya watoto, mshahara wa mwalimu, vitabu, na chakula. Naomba kila shule, ya umma na ya APBET, iijaze sasa kabla ya chai, kisha igawanye kwa vichwa. Wazazi wa kila shule wakae meza moja na mwalimu mkuu wao na waione hesabu. Anzeni na Gredi ya Kwanza.