Taka Hazina Mpaka: Kutoka Kasubi hadi Vituo vya Mpakani

(Hotuba ya dawati la uhusiano wa polisi na jamii, iliyotolewa Kasubi, Kampala, mbele ya wajumbe wa kamati za ulinzi shirikishi kutoka maeneo ya mpakani)



Huenda wapo wanaojiuliza, polisi na taka wapi na wapi? Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya wizi wa mifugo, magendo, na ajali za barabarani. Leo tumechagua kuzungumza juu ya taka kwa sababu katika kazi yetu tumeziona zikiua watu, zikifarakanisha majirani, zikificha mali ya wizi, na zikiwapeleka wasafiri wasio na hatia mbele ya mahakama za nchi jirani. Jambo lenye madhara ya namna hiyo ni jambo la usalama.

Tuanze na Kiteezi. Jaa hilo, lililoko wilaya ya Wakiso, kaskazini mwa jiji, lilifunguliwa mwaka 1996 kwenye eneo la ekari zipatazo 36. Kwa miaka mingi taka za Kampala yote, pamoja na hizi za Kasubi, zilipelekwa huko. Jaa likajaa, likaendelea kujazwa. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule wa taka ulimomonyoka na kufukia nyumba, watu na mifugo. Askari wetu wa zimamoto na uokoaji, watumishi wa Msalaba Mwekundu, watumishi wa Mamlaka ya Jiji la Kampala na wananchi wenyewe walichimba siku baada ya siku. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, wakiwamo watoto. Mwezi Septemba mwaka huohuo, baada ya uchunguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Rais aliwaondoa kazini viongozi watatu wa juu wa Mamlaka hiyo.

Hilo ni la waliokuwa juu. Sisi tulioko chini inatupasa tuulize: mlima ule ulitoka wapi? Hakuna mtu aliyeujenga kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga. Na haba nyingine ni ganda la ndizi, mfuko wa plastiki na chupa ya soda, vyote vikitiwa katika gunia moja.

Ni vema tuelewe jinsi mlima wa namna hiyo unavyokuwa hatari. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni masalia ya vyakula na mimea: maganda ya matooke, majani ya migomba, mashina ya mboga, mabaki ya miwa. Vitu hivyo vikifukiwa pasipo hewa huoza na kutoa joto pamoja na gesi ya methani, ambayo hushika moto kwa urahisi. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani, uzito ukaongezeka, tabaka za chini zikawa utelezi, na mteremko ukashindwa kujishikilia. Yaliyotokea Kiteezi yalikwisha kutokea Addis Ababa kwenye jaa la Koshe mwezi Machi 2017, ambako walikufa watu zaidi ya 110, na Maputo kwenye jaa la Hulene mwezi Februari 2018. Afrika ilikuwa imeonywa mara mbili kabla ya Kiteezi.

Ndugu zetu, sheria ipo. Katiba ya Uganda, kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Na kifungu cha 17 kinamtwisha kila raia wajibu wa kuyalinda mazingira hayo. Haki na wajibu vimeandikwa katika kitabu kimoja. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inamfanya anayezalisha taka kuwa mwenye dhamana juu ya taka hizo, na inakataza kuzitupa ovyo. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2020 zikafuata, kufafanua namna ya kuzihifadhi, kuzisafirisha na kuziteketeza. Mwelekeo wa sera ya serikali ni kupunguza taka tangu zinapozalishwa, kutumia tena kinachotumika, kurejeleza kinachorejelezeka, na kupeleka jaani kile tu kilichobaki. Wataalamu wanauita mpangilio huo uchumi wa mzunguko.

Jina hilo laweza kuonekana geni, lakini hapa Kasubi jambo lenyewe si geni hata kidogo. Tazameni kilima kile cha makaburi ya Wafalme wa Buganda, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliungua tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 eneo likaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nyumba hiyo imejengwa kwa miti, matete na nyasi, na ndani yake mna kitambaa cha magome ya mti wa mutuba. Fundi wa kitambaa hicho huuchuna mti gome, kisha akalifunika shina kwa majani ya mgomba ili lisinyauke. Gome huota tena, naye akarudi msimu mwingine kulivuna kwenye mti uleule. Mti haukatwi, na kitambaa kikichakaa hurudi udongoni. Wazee walijua uchumi wa mzunguko kabla haujapewa jina. Plastiki ndiyo iliyotukuta hatuna desturi ya kuishughulikia.

Na hapa yatupasa tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja tulichohudumu, tulifanya msako wa alfajiri. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mama mmoja mwenye gunia mgongoni. Tulimwuliza anakwenda wapi saa kumi na moja. Akasema, anaokota chupa. Hatukumwamini. Tulimweka ndani siku mbili kwa kosa la uzururaji, na gunia lake tukalimwaga kwenye mtaro nyuma ya kituo. Alipotoka hakuuliza habari ya kukamatwa kwake. Aliuliza gunia lake liko wapi, kwa maana lilikuwa karo ya mtoto. Hatukuwa na la kumjibu. Juma lililofuata mvua ilinyesha, mtaro ukaziba kwa chupa zilezile, na maji yakaingia hadi chumba cha mapokezi. Tulisimama ndani ya maji tukiokoa madaftari ya kituo, na kila mmoja wetu alijua nani aliyeuziba mtaro ule.

Tunalisimulia hili si kwa kujidhalilisha, bali kwa sababu mwokota chupa ni mtumishi wa mji. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu ya sheria ya uzururaji iliyokuwa ikitumika kuwakamata watu wa namna yake. Kwa hiyo tunawaambia maaskari wenzetu, na tunawaambia ninyi wajumbe wa mpakani: kuokota chupa si kosa. Mkimwona mtu na gunia alfajiri, msimwite mwizi kabla hamjamwuliza jina lake. Nasi tunawaomba vijana wa kazi hiyo wajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kufanya kazi kwa vikundi, ili anayejificha nyuma ya gunia kwa nia mbaya abaki peke yake na aonekane.

Maana, kweli, wapo wanaojificha. Biashara ya chuma chakavu ni sehemu njema ya urejelezaji, ila imekuwa pia mlango wa wezi. Vifuniko vya mashimo ya maji machafu, vyuma vya minara ya umeme, nyaya, alama za barabarani: vyote hivi vimeng'olewa na kuuzwa kwa kilo. Kifuniko kimoja kikiibwa, mtoto anaweza kutumbukia usiku. Chuma kimoja cha mnara kikikatwa, mnara unaweza kuanguka na wilaya kadhaa zikalala gizani, hospitali zikiwamo. Mnunuzi anayepokea mali huku akijua ni ya wizi ni mkosaji mbele ya Sheria ya Adhabu kama mwizi mwenyewe alivyo mkosaji. Tunawasihi wanunuzi wa chuma chakavu, hasa ninyi mlio karibu na mpaka: wekeni daftari, andikeni jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, aina ya mzigo na tarehe, msinunue kutoka kwa mtoto, na mkiletewa chuma chenye alama ya shirika la umma, tuiteni. Daftari hilo litakulinda wewe kuliko litakavyotusaidia sisi.

Sasa tuje kwenye mifuko ya plastiki, ile tunayoiita kaveera. Hapa ndipo mpaka unapowatega wengi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017. Anayepatikana na hatia huko anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi za Kenya milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4. Tanzania Bara iliikataza tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu mwaka 2006. Uganda imekataza mifuko myembamba, iliyo chini ya mikroni 30, lakini kila mmoja wetu anajua kwamba bado inazagaa madukani. Basi mama anatoka hapa Kasubi na nguo zake za kuuza, amezifunga katika kaveera, anavuka Busia au Mutukula, na lile lililoonekana dogo nyumbani linakuwa kosa upande wa pili. Fungeni mizigo yenu kwa vikapu, kwa magunia ya katani, au kwa vitambaa. Na yule anayepitisha marobota ya mifuko hiyo kwa njia za panya asijidanganye kwamba anasaidia wafanyabiashara wadogo, anawauzia kesi.

Maji nayo hayaonyeshi pasipoti. Mitaro ya Kasubi, Kawaala na Namungoona humwaga maji bondeni Lubigi. Kutoka Lubigi maji hufuata mto Mayanja kwenda kaskazini, na hatimaye kuungana na mfumo wa mto Nile. Chupa inayotupwa hapa leo inaweza kuziba mkondo kwanza, ikaingiza mafuriko katika nyumba za majirani zetu wa bondeni, kisha ikaendelea na safari yake kuwaelekea watu wasiotujua. Tunapokea mashauri mengi ya ugomvi wa majirani, na tukiyafuatilia tunakuta mwanzo wake ni mtaro: wa juu amemwaga, wa chini amefurikiwa, panga limetoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyezibua mtaro atajenga nyumba upya.

Kwa nini basi tusibadili mwendo, wakati faida yake iko wazi? Maganda ya matooke ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Yakikaushwa na kuchomwa kwa utaratibu, hutengenezwa makaa ya kupikia, na hivyo kupunguza ukataji wa miti. Yakiozeshwa vizuri, ni mbolea kwa shamba. Chupa za plastiki zina wanunuzi. Karatasi na chuma vina wanunuzi. Lakini vyote vikichanganywa katika gunia moja, chupa hupakwa uozo, ganda huchanganyika na vipande vya chupa, na thamani ya kila kimoja hupotea. Gharama yote imo katika tendo moja dogo la kutenganisha, nalo hufanyika jikoni, si jaani. Wenzetu wa Kenya wameliweka katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayodai taka zitenganishwe tangu pale zinapozalishwa. Sisi hatuna haja ya kungoja kulazimishwa.

Tunajua pia lawama zenu. Mnasema gari la taka halifiki kwenye vichochoro. Mnasema mnalipa na hamchukuliwi. Jiji linazalisha kiasi cha tani 2,500 za taka kila siku, na sehemu kubwa ya hizo haikusanywi. Kwa hiyo lawama hiyo ina msingi, na hatutaificha. Lakini kuchoma plastiki uani usiku si jibu: moshi wake ni sumu kwa watoto, na katika mitaa iliyosongamana cheche moja yatosha. Kuutupa mzigo mtaroni wakati mvua inanyesha si jibu pia. Pelekeni malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, mkitaja siku ambazo gari halikufika, na nakala mtuletee sisi. Tutaifuatilia kwa wahusika, na kikao kijacho mtuulize tumefikia wapi.

Tunaomba mambo manne, basi. Kila nyumba na kila kibanda cha soko kiwe na vyombo viwili, kimoja cha vinavyooza na kimoja cha visivyooza. Kila kamati ya mpakani itangaze sokoni sheria za mifuko za nchi jirani, kabla ya siku ya gulio. Kila mnunuzi wa chuma awe na daftari. Na kila askari amheshimu mwokota taka kama anavyomheshimu mfanyakazi mwingine yeyote.

Kwa upande wetu, mtaro ulio nyuma ya kile kituo sasa tunauzibua wenyewe kila mwanzo wa mwezi. Tulianza siku ile tuliposimama ndani ya maji. Yule mama hatukumpata tena kumrudishia gunia lake. Yaliyobaki ni kuhakikisha kwamba mwenzake hanyang'anywi.