Kungoja kwa Tarehe: Uvimbe wa Titi Usio Saratani na Kazi ya Kuufuatilia



Mada niliyoichagua jioni hii haina fahari kubwa katika fani ya upasuaji. Watu hujaa ukumbini kusikiliza habari za saratani. Ni wachache wanaokuja kusikiliza habari za uvimbe ambao si saratani. Lakini kakaeni asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya matiti, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa. Wanawake walio wengi waliofika pale kwa sababu wamegusa kitu kifuani watarudi nyumbani na jibu kwamba si saratani. Hao ndio ninaowazungumzia. Wanapewa jibu jema, kisha wanaachwa nalo peke yao.

Jibu lenyewe kwa kawaida huja kwa namna mbili. Ama daktari husema, "Hicho ni kitu cha kawaida, mama, nenda tu," ama husema, "Tukitoe, tuwe na amani." Naamini kwamba mara nyingi majibu yote mawili hayatoshi. Iko njia ya tatu, nayo ni tiba kamili: kungoja kwa vipimo na kwa tarehe.

Titi ni kiungo kisichotulia. Hubadilika tangu binti anapovunja ungo, hubadilika kila mwezi kwa hedhi, hubadilika kwa mimba na kunyonyesha, na hedhi inapokoma husinyaa. Mwaka 1987 madaktari watatu wa Cardiff, Hughes, Mansel na Webster, walipendekeza katika jarida la Lancet kwamba mengi tuliyozoea kuyaita maradhi ya matiti yasiyo saratani yatazamwe kama ukuaji na usinyaaji wa kawaida uliopotoka kidogo. Pendekezo hilo lilitupunguzia haraka ya kushika kisu.

Chukueni fibroadenoma, uvimbe unaowapata zaidi wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 35. Huwa mgumu kiasi, kingo zake laini, hauumi, nao huteleza chini ya vidole kama gololi. Wengi huwa na sentimita 1 hadi 3. Mwingi hukaa vilevile miaka na miaka, mwingine hunywea wenyewe, na mimba inaweza kuukuza kwa sababu ya homoni. Kifuko cha maji, kwa upande wake, huonekana zaidi kati ya miaka 35 na 50. Sindano huyavuta maji na uvimbe ukatoweka palepale. Maji yakiwa hayana damu na pasibaki kitu, hapana haja hata ya kuyapeleka maabara. Tena kuna mabonge yanayouma siku chache kabla ya hedhi, maziwa yaliyojikusanya, jipu la mama anayenyonyesha, mafuta yaliyoumia baada ya kugongwa, na hata kifua kikuu cha titi, ambacho sisi wa ukanda huu hatuna ruhusa ya kukisahau.

Kuyatenganisha haya na saratani si kazi ya jana. Mwaka 1829 Astley Cooper, mpasuaji wa London, alichapisha kitabu chenye michoro ya magonjwa ya matiti, akaueleza uvimbe tunaouita leo fibroadenoma kuwa kitu cha pekee. Dawa ya usingizi ilikuwa bado kuanza kutumika katika upasuaji. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Kwa hiyo mwanamke wa zama za Cooper aliyeambiwa kwamba wake si saratani aliepushwa na kisu akiwa macho.

Leo hatutegemei vidole peke yake. Tunataka mashahidi watatu: mkono wa daktari, picha, na chembe au kinyama kilichochukuliwa kwa sindano pale kinapohitajika. Kwa walio chini ya miaka 30 picha ya kwanza ni ultrasaundi, maana titi changa ni zito na mamogramu hailioni vizuri. Kwa wa miaka 40 na zaidi mamogramu huongezwa. Mashahidi wakikubaliana, tunapumua. Mmoja akipinga, huyo ndiye tunayemsikiliza, hata kama wenzake wawili wametabasamu. Na wale wanaoogopa kwamba sindano itauchokoza uvimbe ugeuke saratani, nawaambia wazi: sindano haigeuzi kitu. Inasoma kilichopo.

Sasa, kungoja. Wataalamu wa picha wa Marekani walianza mwaka 1993 kuyapanga majibu ya matiti kwa madaraja. Daraja la 2 ni uvimbe usio na shaka. Mwenye nao anarudi kwenye uchunguzi wake wa kawaida. Daraja la 3 ndilo linalotuhusu: uvimbe ambao uwezekano wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2. Mwenye nao hakatwi, wala hafukuzwi. Anarudi baada ya miezi 6, kisha mwaka unapotimia, kisha miaka 2. Usipobadilika kwa muda huo, unashushwa daraja na kazi imekwisha. Kwa hiyo kungoja huku kuna mwanzo, kuna ratiba na kuna mwisho. Kukosekana kwa kimoja kati ya hivyo ndiko kupuuza.

Kupima nako kuna adabu yake. Vipimo huchukuliwa pande tatu, kwa sababu anayepima upande mmoja anaweza kukuta uvimbe "umekua" kwa kuugeuza tu. Mahali pake huandikwa kwa kufuata uso wa saa, na hapa nawaomba wanafunzi wangu wawe macho: mshale ukiwa kwenye namba 10 sisi husema saa nne. Mmoja akiandika 10, mwingine akaisoma kuwa saa kumi, kidole kitatua kwenye namba 4, ng'ambo ya titi kabisa. Choreni duara, wekeni nukta. Haigharimu kitu.

Wapo wasiostahili kungojewa. Uvimbe unaokua haraka, hasa uliopita sentimita 3, unaweza kuwa filodi, jamaa ya fibroadenoma ambaye mara nyingine huwa mkorofi, huo hutolewa. Ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, tezi ngumu kwapani: yote haya hayasubiri miezi 6. Na umri mdogo usitudanganye. Wanawake wa Afrika wanaougua saratani ya matiti ni vijana zaidi, kwa wastani, kuliko wenzao wa Ulaya.

Niseme kwa kirefu kidogo juu ya mjamzito na anayenyonyesha, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea vibaya zaidi. Mama akisema ameona donge, shangazi anasema maziwa yameganda, muuguzi anaitikia, na daktari anaandika dawa za jipu. Mara nyingi wote huwa wamepatia. Lakini donge linapobaki baada ya dozi kwisha, asiambiwe asubiri amwachishe mtoto ziwa. Ultrasaundi haimdhuru mama wala aliye tumboni, na sindano ya kinyama inaweza kufanywa wakati wa mimba. Kusubiri miaka 2 ya kunyonyesha kwa uvimbe usiojulikana si subira, ni kamari.

Je, mwanamke ajipapase kila mwezi kwa ratiba? Mjini Shanghai wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafundishwa kujipapasa kwa bidii. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Vifo vya saratani ya matiti havikupungua: 135 kwa waliofundishwa, 131 kwa wasiofundishwa. Kilichoongezeka ni uvimbe usio saratani uliogunduliwa, 2,761 dhidi ya 1,505, pamoja na sindano na makovu yake. Wenzangu hawapendi nikilisema hili Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti. Ninachowashauri wanawake ni kulijua titi lao lilivyo siku za kawaida, ili jipya likitokea walitambue na waje upesi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dokta, je, hiki kitageuka?" Fibroadenoma ya kawaida haigeuki saratani ila kwa nadra sana. Utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 2005, uliofuatilia wanawake 9,087 waliokuwa na vinyama visivyo saratani, ulionyesha kwamba tofauti iko kwenye chembe zenyewe. Ambao chembe zao hazikuwa na dalili ya kuzaliana kupita kiasi hatari yao ilipanda kidogo tu; waliokuwa na chembe zenye sura isiyo ya kawaida hatari yao ilikuwa zaidi ya mara 4. Ndiyo maana jibu la maabara haliishii kwenye neno "salama". Ombeni lisomwe lote.

Kuhusu hela au simu kuwekwa ndani ya sidiria, hakuna ushahidi kwamba huleta uvimbe. Wekeni hela zenu.

Lililobaki ni la utaratibu. Mjamzito wa Tanzania hubeba kadi yake ya kliniki mwenyewe, na akijifungulia wilaya nyingine mkunga humsoma humo. Mwenye uvimbe wa titi hana kadi. Picha ya kwanza alipigwa mkoani, ya pili kwa mtu binafsi, faili halionekani, na daktari wa tatu akikosa cha kulinganisha huamua kukata. Nawaomba wakuu wa hospitali walio humu ukumbini watoe karatasi moja nene: duara la titi, vipimo vitatu, jibu la maabara, tarehe ya kurudi na namba ya simu ya kliniki. Na wewe dada, mama, binti yangu, ukiambiwa "tutaendelea kuangalia", usitoke chumbani kabla hujaandikiwa ni lini.