Wajibu wa Mkaguzi wa Majengo Aonapo Kasoro



Huenda baadhi yetu tukajiuliza, Haki na Amani zina uhusiano gani na zege na nondo? Uhusiano upo. Mpangaji alalaye ghorofa ya tatu hana uwezo wa kupima nguzo inayomshikilia. Ameukabidhi uhai wake kwa mtu asiyemjua, aliyepita pale wakati wa ujenzi, akatazama, akatia sahihi. Hiyo ni amana, na palipo na amana pana haki. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Tangu zamani, basi, kasoro ya jengo ni jambo la dhamiri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa kwa namna mbili. Yuko atafutaye chanzo chake akakiondoa, na yuko aupakaye lipu na rangi ili mnunuzi asiuone. Mkaguzi anyamazaye amekuwa mshirika wa huyu wa pili, hata kama hakushika mwiko.

Tena neno la mkaguzi lina saa yake. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Kama zilikuwa nyembamba kuliko zilivyochorwa, ushahidi umezikwa. Vipande vya zege vinavyochukuliwa siku ya kumwaga hupimwa nguvu baada ya siku 7, na tena baada ya siku 28. Mkandarasi mwenye haraka aweza kuwa amekwisha kupandisha ghorofa nyingine juu yake. Kila siku inayopita, gharama ya kubomoa na kurekebisha huongezeka, na vishawishi vya kumnyamazisha mkaguzi huongezeka pamoja nayo.

Hata hivyo, kusema peke yake hakutoshi. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh. Mhandisi aliyeitwa aliona hatari, akashauri watu waondoke. Benki iliyokuwa humo iliwazuia watumishi wake wasirudi. Washonaji wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Asubuhi ile jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Paa lilikuwa moja na ufa ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni uwezo wa mtu kukataa. Nako Huruma, jijini Nairobi, jengo lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama. Watu waliendelea kulala humo, na wapatao 50 wakapoteza maisha. Onyo lilikuwapo, ila halikuwafikia waliolala humo kwa namna ya kuwaokoa.

Kwa hiyo, mkaguzi aonapo kasoro, yampasa mambo manne.

Kwanza, aandike siku ile ile. Onyo la mdomo hukanushwa. Ataje nguzo ipi, ghorofa ipi, ufa wa upana gani. Asiandike tu kwamba hali hairidhishi. Atie alama na tarehe kwenye ncha za ufa, ili ukirefuka ijulikane. Asipunguze ukweli, wala asiutie chumvi. Anayekuza kasoro ndogo ili apewe bahasha ni mwizi kama yule aibaye saruji.

Pili, taarifa imfikie mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, naye akiri kwa sahihi kwamba ameipokea. Akikaa kimya, mkaguzi apande ngazi: kwa mhandisi mshauri, kwa halmashauri, na hata kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Tatu, hatari ikiwa karibu, watu watolewe kwanza. Barua yaweza kungoja, dari haingoji.

Nne, arudi kuona kilichofanyika, wala asitie sahihi ya hatua inayofuata kabla kasoro haijaondolewa.

Twajua kwamba haya ni mepesi kutamka kuliko kutenda. Mara nyingi mkaguzi hulipwa na yule yule anayepaswa kumkosoa, na nyumbani ana watoto wanaongoja karo. Tanzania ilipata mwaka 2015 Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi. Yafaa mkaguzi aijue. Lakini sheria pekee haimtoshi mtu aliye peke yake. Mafundi wenzake wasimcheke. Chama chake cha taaluma kimsimamie. Nasi wa Tume za Haki na Amani tusingoje kuitwa mazishini. Tujifunze kuuliza, jengo linapopanda mtaani petu, kama kibali ni cha ghorofa ngapi na mkaguzi alipita lini. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Ilielezwa baadaye kuwa ghorofa zilikuwa zimezidi zile za kibali. Ghorofa hazifichiki, yeyote apitaye barabarani aweza kuzihesabu.

Nanyi wakaguzi mliopo hapa, mwishowe twawaomba jambo moja. Kalamu inapofika mahali pa sahihi, mkumbuke mama atakayepanga chumba kile na kuwalaza watoto wake humo bila kuuliza neno. Yeye hatauona mchoro, wala hatakuja kuwajua. Sahihi yenu ndiyo ahadi pekee aliyopewa. Ahadi hiyo iwe ya kweli.