Mchezaji wa Chuo na Bei ya Jina Lake

Natumaini taa imewashwa, madaftari yamefunguliwa, na wale waliochelewa juma lililopita leo wamewahi.

Leo tutaanza na neno moja. Mwalimu wa darasa, tafadhali liandike ubaoni kwa herufi kubwa: RIDHAA. Lisomeni kwa sauti, polepole: ri-dha-a.

Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Binti akiposwa huulizwa ridhaa yake. Mwenye shamba hutoa ridhaa yake kabla ya watu kupitisha njia katika mihogo yake. Lakini katika michezo neno hili lina maana ya pili. Mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye bila mshahara, kwa kupenda mwenyewe. Shikeni maana zote mbili, kwa sababu nitazihitaji zote kabla hatujaachana.

Sasa twende Marekani. Huko vyuo vikuu vina timu za michezo, kama vyuo vya kwetu. Mimi nilipokuwa chuoni nilicheza mpira wa miguu, na malipo yetu yalikuwa soda moja na kipande cha mkate baada ya mchezo. Wala hatukunung'unika, maana waliokuja kututazama hawakuzidi mia mbili, na nusu yao walikuwa wakingoja mvua ikatike. Marekani si hivyo. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huchukua watazamaji zaidi ya 100,000. Watu hao wote hulipa kiingilio ili kuwatazama wanafunzi. Wengine wengi hutazama nyumbani katika televisheni, na makampuni ya televisheni hulipia haki ya kuonyesha. Mwaka 2010 makampuni mawili yalifanya mkataba wa miaka 14 kuonyesha mashindano ya vyuo ya mpira wa kikapu ya wanaume, kwa dola bilioni 10.8. Kwa wale wanaojifunza hesabu: bilioni moja ni milioni elfu moja.

Je, mchezaji alipata nini? Alipata ufadhili, yaani alilipiwa ada, vitabu, chakula na mahali pa kulala. Hilo si jambo dogo, na msikubali mtu awaambie kuwa ni dogo. Lakini chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906, kilimkataza kupokea fedha kwa ajili ya jina lake au picha yake. Hakuruhusiwa kusimama katika tangazo la viatu, wala kuuza sahihi yake. Akifanya hivyo, alifukuzwa mchezoni. Walisema yeye ni mwanafunzi, na ni mchezaji wa ridhaa.

Kanuni hiyo iliwafikia watu wa kwetu pia. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono alikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha jimbo la Washington. Katika siku 81 tu alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Dunia nzima ilijua jina lake. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwanafunzi kama yeye kuliuza jina hilo hata kwa senti moja.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Mama mmoja anauza samaki sokoni. Anakuja mtu na kamera, anampiga picha akicheka na samaki mkononi. Baada ya mwezi picha ile imebandikwa kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, na madebe yanauzwa nchi nzima. Mama anakwenda kudai. Anaambiwa, "Mama, wewe si tulikununulia chai siku ile?" Chai alikunywa kweli. Lakini je, chai ndiyo bei ya uso wake?

Jambo la namna hiyo lilimpata Ed O'Bannon. Huyu alicheza mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na mwaka 1995 timu yake ilikuwa bingwa wa vyuo. Miaka ikapita, akawa muuzaji wa magari huko Las Vegas. Siku moja, nyumbani kwa rafiki, alionyeshwa mchezo wa kompyuta. Ndani yake akajiona mwenyewe! Kichwa chenye upara, namba 31 mgongoni, anarusha mpira kwa mkono wa kushoto kama yeye. Jina tu ndilo halikuandikwa. Mchezo ule uliuzwa madukani kwa fedha, na yeye hakuulizwa wala hakulipwa. Mwaka 2009 alikwenda mahakamani. Mwaka 2014 hakimu aliamua kwamba kanuni za chama kile zilivunja sheria ya ushindani wa biashara.

Hapa turudie neno letu ubaoni. Walimwita mchezaji wa ridhaa. Lakini ridhaa yake, katika ile maana ya kwanza, nani aliitaka? Hakuna. Neno moja lilitumiwa kumnyima mtu kile ambacho neno lile lile linamwahidi. Mimi huliona jambo hili kuwa kiini cha mashauri yote haya.

Basi mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 2019 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwaruhusu wanafunzi kupata fedha za matangazo. Majimbo mengine yakafuata. Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilikishinda chama kile katika kesi nyingine, iliyohusu misaada ya masomo kwa wachezaji. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, mlango ukafunguliwa: mwanafunzi mchezaji aweza kuuza jina lake na picha yake.

Yupo atakayeuliza, nami namsikia hata kabla hajafungua mdomo: Je, fedha haziharibu masomo? Haziharibu umoja wa timu? Swali ni la haki. Matajiri wapenzi wa timu walianza kuchanga mifuko ya fedha ili kuwavuta wachezaji hodari, wakisema ni malipo ya matangazo. Vijana wengine wamehama chuo hiki kwenda kile, kila mwaka mahali papya, na sijui kama mtu aweza kumaliza vizuri masomo ya uhandisi kwa kuhamahama namna hiyo. Tena yule anayecheza mchezo usiopendwa na watu wengi hapati kitu, naye huamka alfajiri ile ile kufanya mazoezi. Na kuna mikataba. Kijana wa miaka 18 hupewa karatasi ya kurasa kumi atie sahihi, naye hajui kwamba sehemu ya fedha ile itadaiwa kodi, au kwamba ameuza picha yake kwa miaka mingi. Ninyi mnaojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnajua vema hatari ya kutia dole gumba kwenye karatasi usiyoifahamu.

Lakini hatari ya mkataba mbaya huponywa kwa kumfundisha mtu kusoma mkataba. Haiponywi kwa kumnyang'anya mali yake. Mwanafunzi wa muziki katika chuo kile kile aliruhusiwa siku zote kupiga zumari arusini na kulipwa. Hakuna aliyemwambia kwamba fedha zitamharibia masomo. Kwa nini mkimbiaji peke yake awe mtu wa kuogopewa?

Sasa nifike kwa kijana mmoja ambaye habari zake zitawagusa. Oscar Tshiebwe alizaliwa mwaka 1999 katika mji wa Lubumbashi, Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Alikwenda Marekani akiwa kijana, akachezea Chuo Kikuu cha Kentucky mpira wa kikapu. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mpira huo katika vyuo vyote vya nchi ile, upande wa wanaume. Mlango wa matangazo ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Wenzake katika timu waliweza kupokea fedha. Yeye, aliye hodari kupita wote, hakuweza, kwa kuwa aliingia nchini kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo humbana mgeni asifanye kazi za namna hiyo.

Mwezi wa Agosti 2022 timu yake ilisafiri kwenda visiwa vya Bahamas kucheza michezo ya majaribio. Bahamas si nchi ya Marekani. Basi kijana wetu alifanya kazi zake za matangazo huko, akapokea haki yake, akarudi darasani. Nilipoisoma habari hii nilicheka kwanza, kisha kicheko kikakauka. Ilimpasa mtu avuke bahari ili uso wake uwe mali yake!

Tangu wakati ule mambo yamezidi kwenda mbele. Mwezi wa Juni 2025 mahakama ilikubali mapatano yaliyoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na kuwalipa wachezaji wa zamani fidia ya dola bilioni 2.8. Lakini mapatano hayo hayakubadili sheria ya viza, maana hiyo ni sheria ya nchi, si kanuni ya chama cha michezo. Vijana wa Eldoret na Iten wanaopata ufadhili wa kukimbia huko bado hukutana na kizuizi kile kile cha Tshiebwe, na mzazi anayemwandaa mwanawe kwenda amwambie hivyo mapema, kabla hajatia sahihi popote.

Sasa nawaachia kazi. Gaweni darasa makundi mawili. Kundi la kwanza liseme kwa niaba ya mama muuza samaki, na kundi la pili kwa niaba ya yule aliyempiga picha na kumnunulia chai. Wa pili msikate tamaa, wana neno la kusema. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu zenye neno ridhaa, mbili kwa maana ya kwanza na moja kwa maana ya pili. Mwalimu, darasa ni lako.