Mti na Pacha Wake
(Maongezi kwa wanakisomo wa Mbagala, Temeke)



Mbao nyingi tunazopaulia nyumba zetu hapa Mbagala ni za msonobari, yaani paini. Hutoka mbali, katika mashamba ya miti kama Sao Hill, wilayani Mufindi. Leo tuongee jinsi mti huo unavyozalishwa.

Msonobari wa mbegu ni kama mtoto: una baba na mama. Mmoja hunyooka, ndugu yake hupinda. Uliopinda hautoi mbao nzuri. Kwa hiyo wataalamu wa New Zealand na Afrika Kusini hukata vijiti kwenye miche ya wazazi bora. Huvichomeka penye unyevu na kivuli, navyo hutoa mizizi. Kila mti unaoota hapo ni pacha wa mche uliokatwa.

Je, huu ni uchawi? Hata! Muhogo si tunaupanda kwa kijiti? Tofauti ni kwamba kijiti cha msonobari mzee hutoa mizizi kwa shida. Lazima mama awe mchanga, tena apunguzwe kila mara asirefuke.

Lakini tuwe macho. Sisi watu wa pwani tunaujua ugonjwa wa michirizi ya muhogo. Ukipanda shamba zima aina moja isiyouweza, utakosa yote. Misonobari pacha ni vivyo hivyo: ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Basi tuchague miti bora, lakini tuchanganye vijiti vya mama wengi.